Utepe wa Mgeni Rasmi

Nimewahi kuona mtu mzima, mwenye tai na akili zake, akilinda utepe mwekundu dhidi ya watoto arobaini na wawili waliolowa chapachapa.

Msinibishie. Nilikuwepo. Nyumba yenyewe niliichora mimi.

Ilikuwa Aprili 1986, kule Bofa, ufukweni, kambi ya vijana wa kanisa letu. Mwaka uliotangulia dhoruba ilibeba mahema, nguzo ikamvunja msichana mmoja mkono. Kamati ikaamua tujenge kimbilio la mawe.

Mimi nilikuwa na diploma ya ujenzi, mbichi kabisa, na mdomo usiotulia. Wakanipa kazi ya ramani.

Nikawachorea kuta nene, paa lililofungwa kwa vyuma mpaka ukutani, na milango miwili mipana ili watoto wasikanyagane. Kamati iliijadili ramani yangu dakika kumi.

Mgeni rasmi walimjadili vikao vitatu. Nani aje, ale nini, utepe uwe rangi gani.

Nyumba ikaisha siku mbili kabla ya watoto kufika.

Alhamisi, saa tisa alasiri, bahari ikageuka nyeusi. Upepo ukang'oa hema la wavulana, likapaa. Nazi zikaanza kudondoka, na nazi moja tu, ndugu zangu, inatosha kummaliza mtoto.

Tukawakimbiza watoto mpaka kwenye kimbilio. Milango yote ina kufuli. Mlangoni, mbele ya utepe mwekundu, kasimama Nahashon, mwenyekiti wa kamati, mwavuli mkononi.

"Fungua, Mwenyekiti."

"Mheshimiwa anafika Jumamosi. Nyumba haijafunguliwa rasmi."

"Watoto wanalowa."

"Watakauka."



Mpishi wetu, Mzee Dzombo, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akatokea jikoni na shoka lake la kuni.

"Bwana Mwenyekiti, sogea kidogo. Mvua inanipiga machoni, nisije nikakosa kufuli."

Mwenyekiti akasogea.

Watoto hawajamaliza kuingia vizuri, tukasikia kishindo. Mnazi ulikuwa umelala juu ya hema la wasichana, umelipasua katikati. Ndani hamkuwa na mtu.

Mnadhani Mwenyekiti alishukuru? Ijumaa alinunua kufuli jipya, akafunga utepe upya na kuwatoa watoto wote. Wakalala jikoni kwa Mzee Dzombo, kwenye moshi.

Jumamosi Mheshimiwa akakata utepe, tukapiga makofi, akaingia. Sakafu nzima nyayo za matope.

"Nani ameingia humu?"



Nikajitokeza. Kichwani nilishajiandalia pongezi. Nikamweleza yote: dhoruba, nazi, mnazi, shoka.

Akanisikiliza vizuri tu. Kisha akamgeukia Nahashon.

"Sasa mimi nimeitwa kufungua nini?"

Nahashon akaomba radhi mara tatu. Si kwa watoto. Kwa Mheshimiwa.

Mimi na Mzee Dzombo tulifukuzwa kambini kabla pilau haijapakuliwa. Pilau aliyoipika yeye mwenyewe.

"Umekasirika, fundi?" akaniuliza njiani.

"Nimetapika rohoni, Mzee."

"Mimi nimeondoka na shoka langu," akasema, akacheka peke yake.

Mpaka leo nikiona utepe, mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu.

Chuoni nilifundishwa kupima nguvu za upepo na uzito wa paa. Hakuna aliyenifundisha kumpima mtu atakayekaa na ufunguo. Ukiitwa kuchora kimbilio, anza na huyo.