Mstari Aliofuta Profesa

Nikisema wifi yangu ni mtu mkimya, wenzake wa kazini watacheka hadi wajishike mbavu. Kule wanamwita Bi Kelele. Hapa nyumbani, akitaka chumvi ananyoosha mkono tu. Ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki: alimfulia sare, akamsomesha, wachumba wakaja, wakachoka kungoja, wakaenda zao. Sasa huyo mdogo mtu ni mzamiaji, na wote wawili mkate wao unatoka kwenye volkano moja iliyojificha baharini, kilele chake karibu na uso wa maji kiasi kwamba mzamiaji anakifikia.

Kazi ya wifi ni kuupiga picha mlima huo kwa sauti. Meli inapita juu yake ikifyatua hewa kwa kishindo. Kishindo kinazama hadi ndani ya mwamba, kinarudi, na nyaya ndefu zinazokokotwa nyuma ya meli zinakisikiliza. Kompyuta inageuza yote kuwa mistari. Shida ni kwamba maji yakiwa ya kina kifupi, sauti inadundadunda kati ya sakafu ya bahari na uso wa maji, na pichani unatokea mstari wa uongo. Huo ni mwangwi, nao hufutwa.

Profesa, bosi wake, akafuta na mstari ambao si mwangwi.

Wifi alinieleza jikoni, nikiosha vyombo, sauti inamtetemeka kwa hasira. "Mwangwi unaiga sakafu, wifi. Sakafu ikipanda, nao unapanda, tena zaidi. Huu haukupanda. Umelala tu pale chini ya kilele."

"Ni nini basi?"

"Mwamba ulioyeyuka, na uko juu mno. Halafu huyo mumeo kesho anakwenda kufunga vipimo hapohapo."

Alikuwa ameshamwambia Profesa. Jibu alilopewa: "Punguza kelele. Wageni wanaotulipia kazi hii wanataka picha safi." Nilipandwa na hasira hadi sahani ikaniponyoka. Mtu kasoma mpaka kichwa kimeota mvi, halafu anafuta moto kama anafuta vumbi mezani.

Na mume wangu naye, kichwa kigumu. "Dada bado ananiona mtoto," alisema, na asubuhi akabeba mitungi yake ya hewa akaondoka bila kumuaga mtu. Kwa kununa kwake akasahau miwani ya kuzamia. Nikambeba mwanetu mgongoni, nikamfuata nayo hadi ofisini kwao, njia nzima nikiwasema peke yangu, yeye na bosi wao.

Niliwakuta kwenye chumba cha mikutano, mlango wazi. Wifi alikuwa ametandaza picha mbili mezani, yenye mstari na isiyo nao. Mume wangu ameziinamia. Profesa, shati limenyooka kwa pasi, alikuwa akisema, "Ni mwangwi tu. Hakuna hatari yoyote. Meli inangoja, tusipoteze muda."

"Sawa," wifi akasema, kwa sauti ileile ya chini ya nyumbani. "Mtungi wa ziada upo. Na wewe una cheti cha kuzamia, umekitundika ukutani kwako. Shuka naye, Profesa."

Profesa akacheka kidogo. Akaitazama picha aliyoisafisha kwa mkono wake, kisha akatazama dirishani.

"Bi Kelele, na wewe uwe na utu," akasema. "Mimi nina watoto wadogo."

Mwanangu akakohoa mgongoni, wote wakageuka, wakatuona mlangoni. Mume wangu alimtazama mtoto, akamtazama Profesa, akavua saa yake ya kuzamia, akaitia mfukoni.

"Twende nyumbani, dada," akasema.

Mimi miwani nilikuwa bado nayo. Nikaingia, nikaiweka mezani mbele ya Profesa.

"Ya mume wangu hiyo," nikamwambia. "Leo haitumii."