Upande wa Pili wa Kanda ya Mzee Shomari

Aibu hii ningeificha, lakini kwa kuwa Miono nzima waliisikia kwenye spika, acha niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Kazi yangu ni kufufua kanda za muziki wa zamani, nimetangatanga nayo Bagamoyo, Msata, Chalinze (mke wangu husema sina makalio ya kukaa), na kule Miono Bi Mwanahawa akanikabidhi kaseti ya marehemu baba yake, Mzee Shomari, akisoma kaswida. Alitaka isikike kwenye maulidi ya nyumbani kwake.

"Mwanangu, baba kabakia humu tu. Usinipotezee."

Ganda la kaseti lilikuwa limepasuka, nikauhamishia utepe kwenye ganda jipya, nikausafisha, nikabandika lebo. Kuusikiliza na kuunakili ndiyo ilikuwa hatua ya mwisho, ila umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi watu wameshakaa mkekani, nikajiambia, aah, nitanakili baadaye.

Shehe akaniashiria, nikabonyeza kitufe cha redio. Ikatoka ngoma! Halafu sauti ya mwanamke, anamfunda mwari mambo ya chumbani, waziwazi, nyimbo za unyago ambazo mwanamume hatakiwi hata kupita karibu. Lebo nilikuwa nimeibandika upande usio wake. Kule kwa wanawake mmoja akapiga kigelegele kabla hajajiziba mdomo. Shehe akainamia tasbihi yake kana kwamba anaihesabu upya.

"Zima, we bwana!" wakafoka wanaume mkekani.

"Nazima, nazima!"

Kitufe kimeng'ang'ania, jasho linanitoka, mwimbaji ndiyo kwanza anafika penyewe, nikafungua kimlango kwa nguvu nikaichomoa kaseti (waya wa umeme ulikuwa mguuni pangu, ningeuvuta tu, akili hiyo ilinijia kesho yake). Utepe ulibaki ndani ya redio, umekatika.

Bi Mwanahawa akaja taratibu. Nilingoja matusi.

"Yule kungwi ni mama yangu," akasema. "Sikujua kama naye yumo." Akautazama ule utepe unaoning'inia. "Na baba je?"

Ikabidi nimweleze kuwa utepe ni mmoja, pande zote mbili. Nilipomkata mama, nilimkata na baba.

Niliuunga, nikanakili, lakini kipande kilichotafunwa na redio hakikurudi. Siku hizi sichezeshi kanda mbele ya mtu kabla sijaisikiliza peke yangu, pande zote, hata umeme ukichelewa kurudi. Maana nikipita Miono nawasikia wajukuu wakiimba kaswida ya babu yao, na wakifika pale utepe ulipokatika wanaruka mstari mzima, wakidhani ndivyo alivyoisoma.