Nilivyoozwa Freiburg Mbele ya Mama Mkwe

Aibu nyengine mtu huifukia, lakini hii yangu imeshaenea Maskati nzima mpaka kwa jamaa zetu Unguja, kwa hivyo bora mwisikie kwangu mwenyewe, na mcheke nikiwapo.

Kazini walinipeleka Ujerumani kwa mafunzo, na yalipokwisha rafiki yangu Jonas (aliyefanya kazi na sisi hapa Maskati miaka mingi, Kiswahili kakiokota kwetu ofisini) akanambia usiondoke, njoo kwetu Freiburg japo siku mbili nikutembeze. Nikenda mbio! Bwana we, mji ule! Mie nimezowea mtaani kwetu Qurum, hapa Maskati, kwenda dukani tu mtu awashe gari, na huku watu wanakwenda kwa miguu, njia za mawe zimepangwa kama zulia, kanisa refu jekundu, milima ya kijani imesimama nyuma yake, na hewa baridi khasa, nikawa kama mtoto siku ya Idi.

Na karibu kila njia ina kimfereji cha maji safi, chembamba, kiko wazi, hakina hata ukingo. Jonas akanambia, "Suleiman, tazama miguu yako. Mgeni akitumbukia humo bila kukusudia, ataoa mtu wa Freiburg. Ndivyo wanavyosema wazee wetu."

Nikacheka. Mie nna mke wangu Rahma, nende wapi?

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa najua nyumbani wote wako kwa mama mkwe, Bi Zuwena, wanakunywa kahawa baada ya chakula. Nikasema ngoja niwaonyeshe mji, na hapo ndipo nilipojiponza. Nikapiga simu ya video, sauti juu kabisa (na siku hiyo, kwa kujishaua, nilivaa kanzu nyeupe pe na kilemba changu), nikawa nakwenda kinyumenyume, simu nimeinyoosha, "Mama, tazama kanisa! Rahma, unayaona maua yale madirishani?" na wao kule "Mashaallah! Geuza huku! Hebu geuza kule!" na mie nageuka tu, Jonas anapiga kelele "Miguu! Miguu!" na mie nadhani anausifu mwendo wangu, mara kisigino kikakosa pa kukanyaga.

Nikenda chali. Nikajikuta nimekaa kitako mferejini, simu imeruka kule, na kilemba kinachukuliwa na maji.

Sasa sikilizeni. Pale tulipokuwa ni mbele ya jumba la manispaa, ambako watu hufungia ndoa, na bibi harusi mmoja ndio kwanza anatoka mlangoni na gauni lake jeupe, na mumewe, na kundi la jamaa zao. Kuniona tu, maskini, akanijia mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kuninyanyua, na jamaa zake (wote wanaijua ile hadithi ya mfereji) wakapiga makofi na mbinja, mmoja akatumwagia maua ya waridi. Na simu? Simu nzima! Jonas kaiokota, kaielekeza kwetu, anawatuliza watu wa nyumbani kwa Kiswahili chake:

"Msiogope! Suleiman mzima! Sasa ataoa mtu wa hapa!"

Mara sauti ya Bi Zuwena ikasikika uwanja mzima: "Rahma! Rahma, njoo utazame! Mumeo anaoa!"

"Siye mie, mama! Harusi si yangu!" nikapiga kelele, mkono bado umeshikwa, na bibi harusi, asiyefahamu hata neno, akawapungia watu wa kwenye simu kwa furaha zote.

Simu ikakatwa.

Nikakaa mkahawani, kanzu inachuruzika maji, Jonas amekianika kilemba changu kwenye kiti, kila nikipiga haipokewi, na ujumbe unaingia mfululizo, shangazi wa Unguja ananilaani, binamu yangu ananipa hongera na kuuliza kama bibi harusi ana dada. Mwisho Rahma akapokea. Nasikia pumzi tu. Nikasema basi, ndoa imekwisha. Kumbe anacheka hata hawezi kusema!

"Mie nilimuona bwana harusi nyuma yako, ana ua kifuani," akanambia. "Lakini mama utamkabili mwenyewe. Mie simo."

Niliporudi, Bi Zuwena alikuja uwanja wa ndege kunipokea, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu nimuoe binti yake. Nikambusu kichwa. "Shikamoo, mama."

Hakuitika. Anautazama mlango nyuma yangu, abiria wanatoka mmoja mmoja na mabegi yao, mpaka akatoka wa mwisho na mlango ukajifunga.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mama."

"Marahaba," akasema.

Nikaapa pale pale: mji wa watu nitautazama kwanza kwa macho yangu, na wa nyumbani watangoja picha.