Kiti cha Nyuma cha Gari Yetu

Mwaka nilioanza kazi, Kisangani ilikula lituma bila chumvi. Meli za kutoka Kinshasa zilikuwa zimekwama kwenye michanga ya mto, chumvi ikauzwa kwa kifuniko cha chupa, na ndizi yetu ya kuponda ikashuka kooni na pilipili tupu. Namba ya mwaka siijui. Uliza mzee yeyote wa hapa, ulimi wake utakumbuka.

Asubuhi ya kwanza nilifika kwenye garaji ya misheni na sindano yangu ya kushonea nguo, najiona fundi. Mkuu wa atelier, karakana ile, alikuwa Frère mmoja, bruda mrefu wa misheni, mikono myeusi kwa mafuta. Alinitupia kiti cha kamioneti kilichochanika, akatazama ile sindano, akacheka.

"Mama, nguo inatembea na mutu," akaniambia. "Kiti inakaa. Mutu ndiye anakuja kuiangukia na matako yake yote. Alors, usishone kama unashona blauzi."

Siku ile sikushona kitu, nilifumua tu. Kazi ya kuvisha viti vya gari, sisi tunaiita garnissage, inaanza hapo: unafumua ngozi ya zamani polepole, unalaza kila kipande chini, na hicho kipande kilichochakaa ndicho patron, kipimo cha kukatia kipya. Ukikirarua kwa haraka, huna tena cha kufuata. Chini ya ngozi kuna mousse, ule mto laini. Chini ya mousse kuna springi, ambazo zikikatika zinamchoma mtu pale asipoweza kuonyesha mbele ya watu.

Kutoka misheni nilienda kwenye kampuni ya mbao. Chef de garage, mkubwa wa mafundi wa pale, alikuwa na maneno machache, yote makali. Ndiye aliyenifundisha passepoil, kamba nyembamba unayoificha ndani ya mshono ili ukingo usimame. Ndiye pia aliyenikataza kukaa. Kiti kikiisha, nilikijaribu kwa goti na kwa ngumi, basi. Alisema mwenye gari ndiye anakaa wa kwanza, mimi nililipwa kushona. Nikakubali. Nilivisha viti vya watu wengi ambao hawakujua hata jina langu.

Baadaye garaji ya serikali ikanichukua. Vita ilikuwa imefunga njia, mousse haikupatikana, nikajaza kiti cha Monsieur le Directeur kwa sufi ya mti. Kikawa laini kama shavu la mtoto. Panya nao wakakipenda. Siku moja Directeur yuko njiani kwenda mkutanoni, panya akatokea katikati ya miguu yake. Nilipoitwa ofisini nilijua nimefukuzwa. Kumbe alitaka tu kujua kama yule panya iko na ordre de mission, ile karatasi ya kuruhusiwa kusafiri kikazi.

Macho yalipochoka nikaacha kazi. Watu walidhani sasa nitakaa mlangoni nichambue pondu, majani ya muhogo. Lakini mjukuu wangu Mado, msichana aliyesomea mekanika, akaja anasukuma mzoga wa gari ndogo, ile aina ambayo mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Alipewa na jirani aliyekuwa analaza kuku ndani yake.

"Koko, tuitengeneze," akasema.

"Ya kazi gani?"

"Ya kufurahia tu."

Nilifikiri ana homa. Hapa kwetu gari inabeba watu wa kulipa, au inabeba mizigo, au imekufa. Bon, nikaingiza kichwa ndani. Mavi ya kuku juu ya viti, lakini chini yake springi nzima kabisa. Mikono ikaanza kuniwasha.

Tukawa tunafanya kila Jumamosi. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, barabara unaiona kati ya miguu yako. Papa soudeur, mchomelea vyuma wa jirani, akaiziba kwa bati la pipa. Mado akafungua moteri, akatandika vyuma juu ya mkeka kama samaki sokoni. Akaipaka gari rangi ya bluu, mlango wa nyuma akaupaka nyeupe, eti ndiyo mtindo. Mimi nikavalisha milango kwa mkeka wa raffia kutoka Opala, dari nikaiwekea kitenge cha maua, na viti nikavipa ngozi ya kijivu na passepoil nyekundu. Cha mwisho kilikuwa cha nyuma. Nilipomaliza sikutumia goti. Nilikaa, nikalala humo mdomo wazi.

Tangu hapo, Jumapili baada ya misa, Mado anaendesha na sisi wazee tunabanana nyuma, tunaenda kuangalia mto. Wenzangu wengine walikuwa hawajakaa kiti cha nyuma cha gari ya mtu ila siku ya kupelekwa hospitali. Wanacheka njia nzima. Mmoja anapungia watu mkono kama mke wa gavana.

Sasa mwanangu Bosco. Anauza makala, makaa ya kupikia, anayaleta kwa baiskeli kutoka upande wa Masako. Juzi alichukua ufunguo bila kuuliza, akakunja kiti changu, akapakia magunia. Gari ilirudi, mishono yote myeusi. Nilikuwa nimepiga magoti na brashi na sabuni, naye amesimama nyuma yangu.

"Mama, watu wananicheka," akasema. "Mimi nasukuma baiskeli, mama yangu anatembeza wazee. Tutoe hiyo kiti, donc. Utaikalia nyumbani."

"Kiti ya nyuma haitoki."

Mado akatoka chini ya gari. Akamwambia tonton yake Bosco kwamba yeye na papa soudeur wanaweza kumtengenezea mkokoteni wa kufunga nyuma ya baiskeli, magurudumu yapo. Nikaongeza kwamba nitamshonea sele, kiti cha baiskeli, ambayo haitamuumiza, tena na passepoil. Bosco akakuna kichwa. Nilimwona anaanza kutabasamu, na mimi sikatai kwamba mgongo wake unamuuma. Mgongo huo ni mimi niliuzaa.

Lakini ninyi vijana mnaonisoma hapa, kazi inaweza kukula mpaka usijue mikono yako ilikuwa inatengeneza nini. Mimi nimejua sasa, nikiwa mzee. Sio mapema, lakini sio kuchelewa. Mado ameshaanza kunishikia patron, na mwanamke mmoja wa soko ameuliza kama nitamvishia gari yake hivyo hivyo, na maua juu.

Bosco akajaribu mara ya mwisho, kwa sauti ya utoto wake. "Siku ya mvua tu, Mama. Makala isilowe."

Nikachovya brashi ndani ya maji.

"Kiti ya nyuma haitoki."