Uvimbe Tuliouzika Kwihara

Mkono wangu wa kulia hautulii. Nikikaa tu, unashuka kwenye paja na kutafuta kovu, unalifuata kutoka gotini kwenda juu, kisha unarudi. Bibi akiniona huupiga kidogo. "Mume wangu, acha kumpapasa mke mwenzangu." Ameniita mume wake kwa utani tangu utotoni.

Uvimbe wa kwanza ulitokea nilipomaliza darasa la saba. Haukuuma. Tulidhani nimejigonga shambani. Ulipofika ukubwa wa yai tulikwenda kituo cha afya mjini Tabora, tabibu akautoa. Bibi akauomba. Kwetu Kwihara vitovu vya ukoo vimezikwa nyuma ya nyumba, na bibi aliona haifai nyama ya mjukuu wake itupwe jalalani mjini. Akaifunga kwenye kipande cha kanga, tukaizika jirani na kitovu changu. Nikajiona nimepona.

Mvua zilipoanza tena, uvimbe ulirudi pale pale, mgumu zaidi. Safari hii tulipelekwa hospitali ya Mwanza. Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza, "Ule wa kwanza ulipimwa?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Tuliuzika, mama."

Daktari hakucheka. Alisema nyama ile ndiyo ingetaja ugonjwa mapema. Wakakata kipande kidogo, wakakipima: saratani ya nyama laini, ambayo hata wao hawaioni mara nyingi. Akaeleza kuwa huacha mbegu pembeni, kwa hiyo angeutoa uvimbe pamoja na nyama inayouzunguka. Niliamka paja likiwa na bonde. Baadaye nikapigwa mionzi.

Tangu hapo, kila nikirudi kliniki wanapapasa kovu na kupiga picha ya kifua, maana ugonjwa huu huweza kuhamia mapafuni. Nyumbani napalilia karanga, nasimama, nagusa paja, naendelea, nasimama tena.

Mwanzoni mwa kiangazi, nikiwa naoga, vidole vilikuta kitu kwenye ncha ya kovu, kama punje ya karanga. Nikajimwagia maji, nikagusa tena. Kipo. Nilipotoka, nikauchukua mkono wa bibi nikauweka pale. Siku hiyo hakutania. Aliingia ndani kufunga nguo za safari.

Mwanza walichukua kipande kwa sindano, wakakitia kwenye kichupa.

"Kinakwenda wapi hicho?" bibi akauliza.

"Maabara, bibi."

"Twende wote."

Muuguzi akatabasamu. "Bibi, hatukiibi."

"Najua, mwanangu. Mwizi ni mimi."

Alimfuata mpaka dirisha la maabara, akasimama hapo mpaka kikapokelewa.

Majibu yalisema ugonjwa umerudi. "Na mguu?" bibi aliuliza kabla yangu.

"Mmeuwahi uvimbe ukiwa mdogo," daktari akasema. "Nitajaribu kuutoa bila kukata mguu."

Mguu ameuacha. Naandika haya polepole nikiwa wodini. Nikikiambia kidole gumba cha mguu kicheze, kinacheza. Kama uvimbe utarudi tena hakuna ajuaye, na daktari hakunificha. Mkono wangu unatafuta kovu, unakuta bandeji, unaanza upya. Bibi amekaa kwenye stuli, kanga yake ikiwa nzima mabegani. Leo asubuhi alimwuliza muuguzi jambo moja tu: kama nyama imeshafika maabara.