Mashine Ikisema Imehifadhi, Iwe Imehifadhi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shirika la mbegu pale Morogoro mjini, Mkuu wa Idara alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, akasema, "Hii usiiguse mpaka uisome." Nikasoma kweli, vitabu vyake na programu yake. Soko huria lilikuwa limeshaingia na kila kitu kinauzwa, lakini programu tuliyotumia ilikuwa ya chanzo huria: maandishi yake yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwapa wenzake. Mimi nikajikita kwenye mfumo wa mafaili, yaani sehemu inayoamua kila faili likae wapi kwenye diski.

Sasa nisikilizeni. Ukibonyeza kuhifadhi, mfumo wa haraka hukuambia "tayari" wakati maandishi bado yako kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, yamekwenda. Mfumo wa uhakika husubiri yafike kwenye diski ndipo useme, kwa hiyo unachelewa. Na mgawo wa umeme wa Morogoro mnaujua.

Shirika lilipobinafsishwa akaja Meneja Mkuu mpya, kijana wa tai.

"Mama, mfumo wako unatambaa," aliniambia. "Weka wa haraka. Na yale madaftari yauzwe kwa wauza karanga wafungie karanga zao, yanajaza stoo."

Yalikuwa madaftari ya vipimo vya mvua, yaliyoandikwa kila asubuhi na wakulima wa Mgeta. Yakiuzwa, nakala pekee ingebaki ndani ya mashine. Nikakataa. Akanipa barua ya onyo. Nikaitia kwenye droo, nikaendelea na rekebisho langu: data ya kudumu isubiri diski, faili za muda tu ndizo zikimbie. Nililituma kwa wenzetu wa ng'ambo wanaosimamia mradi wa programu ile, wakajibu kwamba linapunguza kasi. Hasira zilinipanda! Wao umeme wao haukatiki.

Siku aliyoipanga Meneja ya kuuza madaftari, Mzee Mkude, mpimaji mvua wa Mgeta, aliteremka mjini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Yale yetu ya miaka yote mmeyaweka wapi?"

Nilimwita Meneja. Mbele yao nikaingiza ukurasa mmoja wa daftari kwenye mashine mbili, moja ya haraka na moja yangu. Zote zikasema tayari. Nikang'oa nyaya zote mbili ukutani.

"Mama, unafanya nini!"

"Mgawo, bosi."

Tulipoziwasha, ile ya haraka ilikuwa tupu. Yangu ilikuwa na ukurasa mzima.

"Basi mimi naondoka na mvua zangu," alisema Mzee Mkude, akaanza kujaza madaftari kwenye gunia. Meneja hakumzuia.

Matokeo niliyaandikia mradi. Shirika lilipopunguza wafanyakazi, jina langu lilikuwa la kwanza. Nilistaafishwa kabla ya wakati, na sijuti hata kidogo. Kasi si dhambi, hata mimi naipenda. Lakini kumwambia mtu kazi yake iko salama wakati haiko ni uongo, na njia ya mwongo ni fupi.

Kule kwenye mradi, rekebisho langu lilikubaliwa. Mpaka leo mfumo ule unakuja ukiwa umepangwa kusubiri diski. Anayetaka haraka anaruhusiwa, ila lazima aingie abadilishe kwa mkono wake mwenyewe, asije akasema hakujua.