Alasiri Niliyopata Dada

Juzi, hapa Mbarara, redio ya dukani kwetu ilitangaza kwamba wakimbizi wa nchi fulani hawatapokelewa tena. Dada yangu Furaha aliizima akatoka nje, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Wakati huo alikuwa bado mtoto wa jirani, jina lake Uwase. Watu wa kwao walikuwa wamepokelewa vizuri miaka mingi, kisha amri ikabadilika: warudishwe makwao, sisi wa nchi nyingine tubaki. Mimi sikujua. Nilisikia tu malori yakiunguruma, halafu kimya.

Nilipokwenda kumwita tukacheze, milango yote ya upande wao ilikuwa wazi. Maharagwe yalikuwa yanaungua mafigani bila mtu, na harufu yake ilijaa uani. Niliamini wamejificha, nikaanza kuwatafuta huku nikicheka. Uwase nilimkuta peke yake nyuma ya choo, nikamshika mkono hadi kwetu.

Mama alimvalisha gauni langu. "Kuanzia leo jina yako ni Furaha," alimnong'oneza. "Hata bakikuita ile ingine, usiitike."

Baadaye askari alisimama mlangoni. "Huyu mtoto ni wa nani?"

"Bote babili ni bangu, afande," mama alijibu.

Askari akanigeukia. Nikasema ni dada yangu, nikidhani mchezo bado unaendelea.

Alipoondoka, nilimuuliza mama wale wengine watatoka lini mafichoni. Alifunga mlango kwa komeo, na jua lilikuwa bado linawaka.